Oili Nzito Si Dawa ya Giaboksi Inayochemka

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wamiliki wa magari ya zamani yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunialika. Kabla sijaingia kwenye mada, naomba mninyoshee mikono. Ni wangapi kati yenu ambao, giaboksi ilipoanza kuvuma au kunuka, mliambiwa na mtu, tena mtu mnayemheshimu, "tia oili nzito kidogo, itatulia"? Naona mikono mingi. Na ni wangapi mlioufuata ushauri huo? Mikono haijapungua sana. Basi nimekuja kuupinga ushauri huo, na nitaupinga kwa hoja, si kwa ukali, kwa sababu najua unatoka kwa watu wenye nia njema ambao wamesikia kelele ikipungua na wakadhani ugonjwa umepona.

Tuanze na jambo lisilo na ubishi. Joto halizuki lenyewe. Karibu kila nyuzijoto inayopanda ndani ya giaboksi ni nguvu ya injini iliyopaswa kufika kwenye magurudumu, ikaishia njiani. Meno ya gia yanaposuguana, sehemu ndogo ya nguvu inapotea. Shafti zinapoikoroga oili, sehemu nyingine inapotea. Beringi na sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje, nazo huchukua chao. Katika giaboksi ya gia za mkono iliyo nzima, hasara yote kwa pamoja ni asilimia chache tu. Asilimia chache! Nani ahangaike na asilimia chache? Fanyeni hesabu pamoja nami. Injini inayotoa kilowati 60 kupandisha gari lenye mzigo mlimani, ikipoteza asilimia tatu ndani ya giaboksi, imeacha humo kilowati moja na nukta nane. Hiyo ni sawa na pasi mbili za umeme zilizowashwa ndani ya kasha la chuma lenye lita chache za oili, na zikaachwa zinawaka muda wote wa kupanda mlima. Ongezeni hapo bomba la ekzosi linalopita karibu, ongezeni upepo mdogo unaofika chini ya gari linalotambaa kwa mwendo wa miguu, nanyi mtaelewa kwa nini gari lisilosumbua kwenye barabara kuu linaweza kuunguza oili yake kwenye kilima kimoja.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi mbele ya giaboksi yenye joto haliwi "nitie oili gani?" Swali la kwanza ni hili: joto hili linatengenezwa wapi?

Nitawapa mfano. Bwana mmoja aliniletea pikapu ya zamani yenye giaboksi ya gia tano, akilalamika kwamba gia ya tano inalia kama king'ora na oili inatoka nyeusi kila anapoibadilisha. Alikuwa mtu mwangalifu sana, anayebadilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyotaka. Nilimuuliza anafanya kazi gani na gari lile. Akasema anavuta tela la ng'ombe, njia ndefu, tambarare, na kwa fahari akaongeza kwamba anaweka gia ya tano ili injini ipumzike na dizeli isitumike ovyo. Hapo nikawa nimepata jibu kabla ya kushika spana.

Kwa nini? Kwa sababu katika giaboksi nyingi za zamani za gia tano, gia ya nne ni ya moja kwa moja. Shafti ya kuingilia na shafti kuu hufungwa pamoja, nguvu ikapita bila kubebwa na meno ya gia yoyote, na ndiyo maana gia ya nne hupoteza kidogo kuliko nyingine zote. Ya tano ni ovadraivu, yaani gia inayoizungusha shafti ya kutokea kwa kasi kuliko injini. Nguvu hushuka kwenye shafti ya chini, ikapanda tena kupitia jozi ya gia iliyo mwisho kabisa wa kasha, mara nyingi katika chumba cha nyongeza nyuma ya ukuta wa giaboksi, mahali ambapo oili hufika kwa kurushwarushwa tu. Gia ile ilikusudiwa gari tupu kwenye barabara ya lami. Ndiyo maana watengenezaji wengi huonya dhidi ya kuitumia ya tano wakati wa kuvuta mzigo mzito. Bwana yule aliipumzisha injini, ambayo ina rejeta, feni na pampu ya maji, akaibebesha kazi giaboksi isiyo na hata kimoja kati ya hivyo. Tulibadilisha beringi na gia yenyewe, na tangu hapo anavuta kwa gia ya nne. Oili yake sasa hutoka na rangi inayoeleweka.

Sasa twende kwa wenye otomatiki, maana huko ndiko joto linakoua haraka zaidi, na huko nitakaa kidogo.

Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Ina konvata, yaani chombo kilichojaa oili ambamo feni moja inayozungushwa na injini huisukuma oili ikazungushe feni ya pili. Feni hizi mbili zisipokwenda kwa kasi moja, tofauti ile yote ni joto. Kwenye barabara iliyonyooka, konvata nyingi za kuanzia miaka ya 1980 hujifunga kwa klachi ya ndani, utelezi ukaisha, joto likashuka. Lakini mkiwa kwenye mchanga mzito, au mnapanda mawe, je, konvata imejifunga? Haijajifunga. Inateleza, na inateleza kwa nguvu zote.

Nataka mwielewe picha hii kwa tarakimu. Gari limekwama mchangani. Dereva anakanyaga mafuta, injini inatoa kilowati 40, magurudumu hayageuki. Kilowati 40 zile zimekwenda wapi? Hazikuusogeza mchanga, hazikulisogeza gari. Zote, nasema zote, zimegeuka joto ndani ya oili ya konvata. Ikiwa mfumo mzima una lita kumi za oili, na kwa muda tukiacha kuhesabu chuma kinachosaidia kunyonya joto, oili ile inapanda kwa nyuzijoto zaidi ya mbili kila sekunde. Kila sekunde! Nusu dakika ya ukaidi inatosha kuitoa oili kwenye afya na kuiingiza kwenye ugonjwa.

Niliwahi kufuatana na magari mawili yanayofanana kabisa, Land Cruiser za mfululizo wa 80 za otomatiki, yakivuka eneo lile lile la matuta ya mchanga, mchana mmoja. Dereva wa kwanza aliacha transfa, yaani kasha la pili la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwenye gia nyepesi kwa sababu, kama alivyosema, injini ina nguvu za kutosha na yeye hapendi kutambaa. Wa pili alipunguza upepo wa matairi, akaweka gia nzito tangu mwanzo. Wa kwanza alikuwa akipita matuta kwa mbwembwe, injini ikinguruma, huku wa pili akionekana kama anayeogopa. Kabla ya matuta kwisha, la kwanza lilianza kubadilisha gia kwa kuchelewa, kisha likawa linanguruma bila kwenda, na dereva alipochomoa dipstiki tulinusa harufu ile ambayo fundi haisahau, harufu ya toast iliyoungua na kemikali. La pili liliendelea na safari, na ndilo lililolivuta la kwanza.

Ni nini kilichoyatofautisha? Transfa ya gari lile, katika gia nzito, huzidisha nguvu ya mzunguko kwa takriban mara mbili na nusu. Maana yake ni kwamba, ili magurudumu yapate msukumo ule ule, konvata inabebeshwa chini ya nusu ya kazi. Mzigo ukipungua, utelezi unapungua. Utelezi ukipungua, joto linapungua. Watu wanadhani gia nzito ni ya kupandia mawe na miamba peke yake. Mabibi na mabwana, kwa otomatiki ya zamani, gia nzito ndiyo kipozeo cha kwanza, na kilikuja na gari kutoka kiwandani.

Na joto likishapanda, dereva afanye nini? Wengi husimama na kuzima injini papo hapo. Hilo ni kosa, kwa sababu pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini, na ukiizima injini, oili iliyo moto zaidi hubaki imetuama ndani ya konvata. Simama, weka nyutro, vuta breki ya mkono, acha injini izunguke juu kidogo ya mwendo wake wa kupumzika, na oili itapita kwenye kipozeo bila kubebeshwa kazi yoyote. Nasema nyutro kwa makusudi, kwa sababu zipo giaboksi za zamani, kama TorqueFlite za Chrysler, ambazo zikiwa kwenye Park hazizungushi oili kama inavyotakiwa. Ndiyo sababu hata kiwango cha oili yake hupimwa gari likiwa nyutro.

Kuhusu kufunga kipozeo cha nyongeza mbele ya rejeta, nitasema machache. Kinafaa, hasa kwa anayevuta tela. Kiwe na vali ya joto, maana oili baridi mno nayo huharibu ubadilishaji wa gia. Lakini nawaomba msikifunge kabla ya kufunga geji. Geji ya joto ni rahisi kuliko kipozeo, nayo itakuambia kama unakihitaji. Na mkiifunga, fahamuni inapima wapi: oili iliyo kwenye sampu, yaani karai la chini la giaboksi, inaweza kuonyesha nyuzijoto 90 zenye amani huku ile inayotoka konvata ikiwa imepita 120. Mtu anayepima sampu asishangae jirani yake anayepima bomba la kutokea akipiga kelele.

Kwa nini nyuzijoto hizi zinatutia hofu? Oili ya madini inapokuwa moto hushikana na oksijeni ya hewa, ikawa chachu, ikaacha utando wa rangi ya kahawia juu ya vali na pistoni. Kanuni ambayo mafundi na wanakemia hukubaliana nayo ni kwamba kasi ya kuharibika huko huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzijoto kumi zinazoongezeka. Oili inayoishi miaka mingi kwenye 80 huishi karibu nusu tu ya miaka hiyo kwenye 90, na karibu robo yake kwenye 100. Anayesema "nimezidi kidogo tu" amekata maisha ya oili yake kwa nusu.

Sasa nimefika kwenye oili yenyewe, na hapa ndipo nina ugomvi na ushauri ule wa kuweka nzito.

Tazameni kopo la oili ya gia. Limeandikwa 75W-90 au 80W-90. Tazameni kopo la oili ya injini. Limeandikwa 15W-40. Ni ipi nzito? Kila mtu atasema tisini ni kubwa kuliko arobaini. Si kweli, kwa sababu hizo ni mizani mbili tofauti. Oili ya gia ya daraja la 90, ikipimwa kwenye nyuzijoto 100, uzito wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, unaanzia milimita za mraba 13.5 kwa sekunde. Oili ya injini ya daraja la 40 ni kati ya 12.5 na 16.3. Ni majirani wa ukuta mmoja. Kwa hiyo kitabu cha giaboksi fulani kikitaja oili ya injini, mhandisi hakukosea na wala hakuwa bahili. Na oili ya hidroliki ya otomatiki ya aina ya Dexron III, kwenye joto hilo hilo, iko karibu na 7, nusu ya hizo zote. Hiyo ndiyo inayoitwa "maji maji" na watu wengi, na hiyo ndiyo watengenezaji wa baadhi ya giaboksi za mkono waliyoichagua kwa akili zao timamu.

Mfano wake mzuri ni giaboksi ya LT77, iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni ya gia za mkono, lakini kitabu chake kinataka oili ya otomatiki, Dexron. Ndani yake kuna pampu ndogo ya oili inayovuta kupitia chujio na kuisukuma kwenye shafti kuu. Mama mmoja, mwenye gari alilorithi, alinijia akisema kwamba asubuhi gia ya pili haikubali kuingia kabisa, na ikifika mchana inaingia kwa kulia. Fundi aliyetangulia alikuta oili nyekundu ndani, akashtuka, akamwambia kwamba mtu amekosea akatia oili ya otomatiki kwenye giaboksi ya mkono. Akaimwaga yote, akatia EP90, oili nzito ya difu, yaani kasha la gia lililo kwenye ekseli. Fundi yule alikuwa na nia njema. Gari halikuitaka nia yake.

Nini kilitokea mle? Kwanza, pampu ile iliyotengenezwa kwa oili nyepesi ilikuwa ikivuta kitu kinachofanana na asali wakati wa baridi, na shafti ikakosa oili katika dakika zile ambazo inaihitaji zaidi. Pili, gia zilikuwa zikikoroga oili nzito, na kukoroga ni kazi, na kazi ile ni joto. Sikilizeni vizuri hapa: oili nzito kupita kiasi huzalisha joto. Tunaitia ili kupunguza joto, nayo inaliongeza. Tatu, na hili ndilo lililomkera mama yule kila asubuhi, ringi za sinkro zilishindwa kufanya kazi.

Niwaonyeshe ringi yenyewe. Naomba izungushwe, kila mtu aishike. Ni ya shaba njano, ndani yake ina mifereji myembamba kama nyuzi za skrubu. Mifereji ile ina kazi moja: kuikata na kuifuta oili iliyo juu ya koni ya gia, ili shaba iguse chuma, isugue, na gia mbili zilingane kasi kabla ya kuingiliana. Pitisheni ukucha. Kwenye ringi hii iliyochakaa, ukucha unateleza. Kwenye hii mpya, unakwaruza. Mkiweka oili nzito, mifereji haiwahi kuifuta. Mkiweka oili yenye utelezi mwingi, shaba inaelea juu ya koni bila kuishika. Tuliirudishia LT77 ile oili yake nyekundu, na gia ya pili ikawa inaingia asubuhi. Uchakavu uliokwisha kutokea, bila shaka, haukurudi nyuma.

Hapo ndipo linapokuja suala la GL-4 na GL-5, ambalo limezua mabishano mengi kuliko faida. Herufi hizo ni za Taasisi ya Petroli ya Marekani, na hazisemi lolote kuhusu uzito. Zinasema ni kiasi gani cha dawa ya kuzuia meno ya gia yasilane chini ya shinikizo kali, dawa ambayo kwa kawaida ni ya salfa na fosforasi. GL-5 ilikusudiwa difu za haipoidi, ambamo jino la pinioni huteleza kwa nguvu juu ya jino la gia kubwa. GL-4 ina takriban nusu ya dawa hiyo. Watu wanaona tano ni kubwa kuliko nne, wanasema tano ni bora. Je, nguo namba kubwa ndiyo bora kwa kila mtu?

Salfa ile, joto likipanda, hupenda shaba. Katika oili za GL-5 za zamani, na katika baadhi ya zinazouzwa hata leo, huila taratibu na kuacha ringi ikiwa na rangi nyeusi na kingo laini. Zipo GL-5 za kisasa ambazo salfa yake imetulizwa ili isiile shaba, na haki yao tuwape. Lakini hata hizo hubaki na utelezi uliotengenezwa kwa ajili ya difu, na ringi ya sinkro haiupendi. Giaboksi ya AX-15 iliyokuwa kwenye Jeep Cherokee ni ushahidi: vitabu vyake vya baadaye vinataka 75W-90 ya GL-3, daraja lililo chini ya GL-4, ambalo leo halitumiki tena, na wenye magari hayo wakatafuta GL-4 iliyo salama kwa shaba. Mtengenezaji alishuka ngazi makusudi. Basi sisi tunapanda kwa sababu gani?

Lakini msinielewe vibaya mkaenda kutia GL-4 kila mahali. Difu ya haipoidi ikitiwa GL-4 inaweza kula meno yake. Gari moja linaweza kutaka oili ya aina tatu: moja kwenye giaboksi, nyingine kwenye transfa, ya tatu kwenye difu, na zaidi ikiwa difu ya nyuma ni ya kujizuia isiteleze. Anayenunua dumu moja kubwa ili "limalizane na gari lote" amejirahisishia ununuzi tu.

Kwa otomatiki, uzito si tatizo. Tatizo ni msuguano. Klachi za ndani zimekusudiwa kushika kwa kiwango fulani, na kila mtengenezaji amepima kiwango chake. Zamani, hata mafuta ya nyangumi aina ya spemu yalitumiwa katika oili hizi ili kuulainisha ushikaji wa klachi, mpaka Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wanakemia wakalazimika kubuni badala yake. Nawatajia kisa hicho mwone kwamba oili ile nyekundu imepimwa kwa uangalifu, si rangi tu ndani ya kopo. Pajero inayotaka SP-II au SP-III, oili za Mitsubishi yenyewe, haiulizi kama Dexron inafanana nayo kwa rangi.

Na oili za sintetiki? Zinastahimili joto vizuri zaidi, na uzito wake hautetereki sana kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa mlima. Kwa gari linalofanya kazi ngumu nazipendelea. Ila zinasafisha, na sili kongwe iliyokuwa ikizibwa na uchafu wake yenyewe itaanza kuvuja. Badilisha sili hiyo; usiilaumu oili kwa kuyafichua yaliyokuwapo.

Sasa kiwango cha oili, ambacho ni jambo dogo lenye hila. Kuna Land Cruiser nyingi za zamani ambazo sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikichoka, oili huhama kutoka giaboksi kwenda transfa. Nje hakuna tone. Sakafu ni kavu. Mwenye gari anajivunia. Niliwahi kuifungua bolti ya kujazia ya transfa ya gari la namna hiyo, oili ikanimwagikia mkononi. Nikafungua ya giaboksi, nikaingiza kidole mpaka kifundo cha pili bila kugusa kitu. Transfa ilikuwa inachemka kwa kukoroga oili iliyozidi, na giaboksi ilikuwa inachemka kwa kuikosa. Joto la aina mbili, chanzo kimoja, sili moja. Kwa hiyo, pimeni vyote viwili siku hiyo hiyo, kimoja baada ya kingine. Kupima kimoja pekee hakukuambii lolote.

Na mpimapo otomatiki, kumbukeni alama ya "HOT" kwenye dipstiki inamaanisha oili ya nyuzijoto 70 hadi 80 katika otomatiki nyingi za Toyota, na si gari lililozungushwa uani dakika tano. Oili hutanuka. Ukijaza ikiwa baridi mpaka alama ya juu, safarini itakuwa imezidi, itatoka povu, na povu halipozi wala halisukumi klachi.

Nisimalize bila kuugusa mto. Giaboksi iliyofanya kazi ina hewa ya moto ndani, tuseme nyuzijoto 90. Ukiizamisha kwenye maji ya nyuzijoto 20, hewa ile inapoa na kusinyaa kwa takriban moja ya tano ya ujazo wake. Pengo hilo litajazwa na nini? Kama bomba la kupumulia limeziba kwa tope, au mdomo wake uko chini ya maji, litajazwa na maji yanayopita kwenye midomo ya sili. Kisha tunashangaa oili kuwa nyeupe kama maziwa. Katika otomatiki ni balaa zaidi, kwa sababu maji huitafuna gundi inayoshikilia nyuso za klachi. Pandisheni mabomba ya kupumulia ya giaboksi, transfa na difu zote mbili mpaka juu ya injini. Mkifika mtoni gari likiwa limechemka, simameni kwanza, mto hautakimbia.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara, nami nalijibu kabla halijaulizwa: "Nimenunua gari kuukuu, sijui mlimotiwa nini, nifanye nini?" Kwa giaboksi ya mkono, transfa na difu, mwaga zote, soma sumaku iliyo kwenye bolti ya kumwagia, kisha jaza kile kinachotajwa na kitabu. Unga laini wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni habari nyingine, na chembe za rangi ya dhahabu ndani ya oili ni ringi zenu za sinkro zikiaga. Kwa otomatiki, msiikurupukie mashine ya kusukuma oili yote nje kwa mkupuo ikiwa oili ni nyeusi na hamjui historia yake. Fungueni sampu, safisheni, badilisheni filta, jazeni kiasi kilekile kilichotoka, endesheni kwa muda, kisha rudieni.

Na kabla ya kumwaga chochote, legezeni kwanza bolti ya kujazia. Kwenye magari ya umri huu hutokea ikaganda kwa kutu mpaka ikavunja spana, na ikiwa oili ya zamani imeshamwagika chini, gari hilo haliendi popote mpaka bolti ile ipatikane. Naona wazee wangu kule nyuma wanacheka. Nadhani wanazijua bolti hizo. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.